Kuloba makobo kwenye mkono wa mto

Katika jiji la Lubumbashi kitenzi kuloba kina wenyewe wawili. Askari au mfanyabiashara aliyetoka Kinshasa akisema koloba, anazungumzia kusema, kutoa maneno kinywani. Mtu wa Kapolowe au wa Kasenga akisema kuloba, anazungumzia kutupa ndoano majini na kungoja. Katika barabara moja ya komini ya Kenya maana hizo mbili hupishana kila siku bila kugongana, kwa sababu msikilizaji anajua nani anasema na nani. Nilipoanza kwenda Kapolowe na kinasa sauti ili kukusanya majina ya samaki na ya sehemu za mto, mzee mmoja wa ukoo wetu ndiye aliyeziunganisha mbele yangu. Ni mdogo wa marehemu babu yangu mzaa mama, nami humwita nkambo kama tunavyowaita wazee wote wa rika hilo. Aliniangalia nikijaribu betri, akasema: "Weye unaloba maneno, mi naloba makobo. Tutaona nani atakula mangaribi."

Kiswahili sanifu kinatumia kuvua. Hata hivyo sanifu ina ndoano, ambayo wengine huiita ndoana, na ndani ya neno hilo mzizi uleule umelala. Wataalamu wa Kibantu wameujenga upya kama *-dób-, yaani kuvua kwa ndoano. Kibemba kimeutunza karibu mzima: ukuloba. Katika Kiswahili cha pwani ile b ililegea, mara ikawa w, mara ikapotea kabisa. Kibemba kinasema -bili pale Kiswahili kinaposema -wili. Kizulu kinasema bona pale Kiswahili kinaposema ona. Hivyo ndoano ni jamaa wa kuloba aliyeacha b yake njiani. Kiswahili cha Lubumbashi nacho hakikuitunza b hiyo chenyewe. Kilikuja kutoka mashariki bila b, kisha majirani wa Katanga wakairudisha mahali pake. Watu wanaosema kwamba Kiswahili chetu kimeharibika wangepaswa kusimama kidogo mbele ya neno hili, maana hapa kile kinachoitwa uharibifu kimelirudisha neno karibu na umbo lake la kale.

Mto wenyewe ni Lufira. Unapita Kapolowe, kati ya Lubumbashi na Likasi, ukielekea kaskazini hadi kukutana na Lualaba katika bonde la Upemba. Mwaka 1930, ili kupata umeme wa migodi, mto huo ulizibwa kwenye maporomoko ya Mwadingusha, na nyuma ya ukuta likazaliwa ziwa tunaloliita Tshangalele. Mabonde yaliyokuwa ya nyasi yakawa ya samaki. Mwaka 1982 bonde la Lufira liliingizwa katika orodha ya hifadhi za viumbe hai za UNESCO. Anayepita kwenye barabara ya Likasi hafikirii hayo; anawaona akina mama na watoto kando ya njia wakiinua mishipi ya samaki wabichi, wa kukaushwa na wa kuchomwa kwa moshi, na basi linaposimama madirisha yote yanafunguka mara moja.

Nkambo havui ziwani. Ziwani kuna nyavu, kuna ushindani, kuna kelele. Yeye anapanda juu ya ziwa, mahali ambapo Lufira inajipindapinda katika uwanda na kuacha nyuma yake mikono ya maji ambayo haiendi popote. Mukono, ndivyo anavyosema. Mkono wa mto unajaa wakati wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, pale mto unapofurika na nyasi zote kusimama ndani ya maji. Wakati huo samaki wametawanyika. Kila unyasi una wake, na mwenye ndoano hana kazi. Mwezi wa Mei maji yanaanza kurudi nyuma. Nyasi zinalala, matope yanaonekana, na samaki waliokuwa wakila kwenye vina vifupi wanalazimika kushuka pamoja na maji. Wengine wanarudi mtoni. Wengine wanabaki katika mkono, wakikusanyika kwenye vile vishimo ambavyo havikauki. Juni na Julai, baridi yetu inapofika na usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10, makobo wanakaa hapo chini, wazito, wamebanana.

Huo ndio msimu wake. Nilifikiri kwamba mvuvi huamka alfajiri, kwa hiyo siku yangu ya kwanza niliamka saa kumi na moja nikamkuta bado amejifunika blanketi. "Samaki naye iko na baridi," aliniambia. "Weye ungekula bukari saa hii?" Tuliondoka saa tatu, jua likiwa limeanza kuuma mgongo. Makobo wa baridi hula kati ya saa nne asubuhi na saa tisa mchana, maji ya juu yanapopata vuguvugu. Kabla ya hapo unaweza kuwapitishia chakula puani wasigeuke.

Vifaa vyake ni vichache. Fimbo ni mwanzi mwembamba wenye urefu wa watu wawili, umekaushwa juu ya moshi wa jikoni ili usiliwe na wadudu. Uzi ni nailoni nyembamba, hauzidi urefu wa fimbo, kwa sababu hatupi mbali. Anashusha tu, kama mtu anayechota maji kisimani. Ndoano, ambayo yeye anaiita ndobani, ni ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Boya ni kipande cha kandambili ya zamani kilichochongwa kwa kisu hadi kikawa kama punje ya haragwe. Chambo ni bukari ya jana iliyokandwa upya hadi ikanata, na kama bukari haikutosha, minyoo iliyochimbwa chini ya migomba. Kwanza anatupa makombo machache ya bukari mbele ya matete, mahali penye mti ulioanguka majini, kisha anakaa bila kufanya kitu kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu mno. Mti ulioanguka ni muhimu. Makobo wanaupenda kwa kivuli chake na kwa ule uteute wa kijani unaoota juu ya gome. Katika mikono isiyo na mti, nkambo amezamisha matawi yake mwenyewe, miaka mingi iliyopita, na anajua yalipo kama mtu anavyojua vikombe vilipo kabatini mwake.

Kuuma kwa makobo kunahitaji kufundishwa. Kambale anabeba boya na kukimbia nalo. Mtoto yeyote anaelewa. Makobo wa baridi hakimbii. Anavuta chambo mdomoni, anakionja, anakitema, na boya linatikisika kidogo tu kama jani lililopigwa na pumzi. Ukivuta hapo umechelewa au umewahi, hujui. Mara ya tatu au ya nne boya linalala upande. Hapo ndipo mkono unainuka, bila nguvu, kiganja tu. Siku ile nkambo alitoa makobo 11, kila mmoja akitosha sahani, na mimi nikatoa 2. Alipima kila samaki kwa kiganja chake. Wale wasiofika kwenye kifundo cha mkono aliwarudisha akisema: "Hii ni tumakobo, iende ikule."

Tumakobo. Nililiandika neno hilo kwenye daftari pale pale, mikono ikinuka samaki. Kiswahili sanifu hudogosha kwa ki- na vi-. Kiswahili cha Lubumbashi kina ka- na tu-, ngeli ambazo pwani haina tena ile ya wingi. Neno makobo lenyewe lina tabia yake. Linaanza na ma- lakini hakuna anayesema kobo moja. Sokoni unasikia makobo moja, makobo mbili, hii makobo, ile makobo. Ma- imegandamana na shina, na ka- au tu- inakaa mbele yake kama kofia juu ya kofia. Mimi nilikuwa nimeyasoma hayo kwa Edgar Polomé, aliyefundisha hapa jijini mwishoni mwa enzi ya ukoloni na kuandika juu ya Kiswahili cha Lubumbashi mwaka 1968, na kwa Walter Schicho, aliyetoa kitabu juu ya sintaksia yake mwaka 1982. Kuyasoma ni kitu kimoja. Kusikia kiambishi kidogo cha tu- kikiamua nani anarudi majini na nani anaingia kikapuni ni kitu kingine. Kwa nkambo tu- ni sheria ya uvuvi.

Samaki huyuhuyu ana majina mengi tukisafiri. Morogoro wanamwita perege, ingawa ni wa aina nyingine ya jamii hiyohiyo. Mwanza ni sato. Kisumu ni ngege. Kando ya Luapula na ziwa Moero ni pale. Jina ambalo dunia nzima inalitumia, tilapia, lilibuniwa na Andrew Smith mwaka 1840, na hutajwa kwamba alilichukua kutoka tlhapi, neno la Kitswana lenye maana ya samaki tu. Yaani Kibantu kilikwenda Ulaya, kikavaa Kilatini, kikarudi kwetu kama neno la wataalamu. Hata samaki, tunalodhani ni letu tangu mwanzo, ni la Kiarabu. Kati ya majina hayo yote, makobo ndilo ninalolisikia sokoni kwetu kila siku, na hata hilo limeanza kusukumwa. Watoto wa shangazi yangu wanajua vizuri thomson, samaki wa bahari anayekuja amegandishwa katika makatoni, kuliko makobo, maana thomson ni wa bei nafuu na anapatikana mwaka mzima. Wakiambiwa makobo, wanaelewa samaki yeyote mwenye tumbo pana.

Jina linaweza kumshinda samaki kuishi. Mfano mkubwa tunao hapa karibu. Katika mto Luapula aliishi kwa wingi samaki anayeitwa mpumbu, ambaye wanabiolojia wanamwita Labeo altivelis. Mwanzoni mwa mvua mpumbu walipanda mto kwa makundi makubwa kwenda kutaga, na watu wa pande zote mbili waliwangoja. Elisabethville ilipoanzishwa mwaka 1910 na migodi kuhitaji chakula cha wafanyakazi, wachuuzi, wengi wao Wagiriki waliokaa Kasenga, wakanunua samaki wa Luapula na kuwapeleka jijini kwa barafu na malori. Nyavu ziliwekwa pale pale mpumbu walipopita wakiwa na mayai. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 msafara ule ulikuwa umekwisha kuvunjika. Wazee wa Kasenga wanalitaja jina la mpumbu kwa sauti tunayoitumia kwa jamaa aliyehama. Kwa mwanaisimu ni rahisi kuridhika: neno limeandikwa, limewekwa katika ngeli yake, limepona. Mezani mwa watu wa Kasenga hakuna kilichopona.

Nkambo anaijua hadithi ya mpumbu ingawa hakuzaliwa Luapula, na anaitumia kama wengine wanavyotumia methali. Kila anapoona mtu amevuta mkono wa mto kwa chandarua cha mbu, kile tunachokiita mustikeri, anasema kwa kifupi: "Mpumbu." Chandarua hakichagui. Kinabeba tumakobo, kinabeba mayai, kinabeba hata wadudu ambao makobo wangekula. Upande wa pili wa Luapula, Zambia hufunga uvuvi kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazae. Nkambo ana kufunga kwake mwenyewe, kunakoanza mapema zaidi. Maji yanapopata joto tena, kuanzia Septemba, dume la makobo hujenga kilima cha mchanga chini ya maji, juu yake likachora mistari kama miale ya nyota, na jike huja kutaga hapo kisha huyabeba mayai mdomoni. Mbelgiji J.-C. Ruwet aliuchunguza uzazi wa samaki huyu katika ziwa la Lufira na kuandika juu yake mwanzoni mwa miaka ya 1960. Jina lake limebaki pale kwa njia nyingine, kwa kuwa ndege mmoja mfumaji wa ziwa hilo anaitwa Ploceus ruweti. Nkambo hajamsoma Ruwet. Anasema tu: "Banajenga. Mutu iko anajenga nyumba, haumutoshe mu nyumba." Tangu wanapojenga hadi mvua zinapoisha, mwanzi wake unarudi juu ya moshi.

Kuna sababu nyingine inayomfanya apande juu ya ziwa. Mto Panda unatoka Likasi, mji wa viwanda vya shaba na kobalti, na kumwaga maji yake katika ziwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliofanywa na watafiti wa chuo chetu pamoja na wenzao wa Leuven, ulionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi mno katika mkojo wao, watoto hasa. Nkambo hana maabara. Ana pua yake, na ana hesabu rahisi ya mtu wa mto: kilichoingia chini hakipandi juu. Sikumthibitishia kwamba hesabu hiyo inatosha. Lakini nilielewa kwamba ile mikono michache iliyo juu ya ziwa ni akiba yake, mahali anapoweza kupata kitoweo asichokitilia shaka.

Kazi yangu ya mwisho wa masomo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni majina ya samaki. Ya pili ni majina ya mahali: mikono, vishimo, vivuko, miti iliyoanguka. Hayo ya pili yalinishangaza kwa wingi wake. Mahali ambapo ramani inaonyesha mstari wa bluu na neno moja, Lufira, nkambo ana majina 41, mengine ya Kisanga, mengine ya Kiswahili, machache ya Kifaransa kilichogeuzwa. Kuna jina linalotokana na mtu aliyezama, kuna linalotokana na pampu ya zamani, kuna linalosema kwamba hapo mamba amezoea kuota jua. Tuliyapitia moja moja kwa siku nne. Mimi nilisimama na simu nikichukua vipimo vya mahali, yeye akataja jina na sababu yake.

Siku ya nne alinifikisha kwenye mkono ambao kutoka mtoni hauonekani. Matete yamefunga mlango wake. Ni lazima ujue pa kuinama. Ndani kuna maji meusi, tulivu, yenye kina, na mti mkubwa umelala kutoka ukingo mmoja karibu hadi wa pili. Hata Oktoba, alisema, pasipokuwa na tone la mvua kwa miezi mitano, hapa maji hayakauki. Makobo wanaojaza mikono mingine mvua zikirudi wanatoka hapa. Akanitajia jina. Kabla sijaandika akaweka kiganja chake juu ya daftari.

"Ile usiandike."

Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu kwa utaratibu, kama mtu aliyekwisha kulifikiria jambo kabla ya kuulizwa. Jina lile, alisema, lenyewe ni njia. Na kweli, lilivyo, linaeleza alama unayoitafuta na upande unaogeukia. Mtu akiielewa maana yake na akajua kuna mto, amefika. "Weye utaandika, mwalimu atasoma, mutu wa mustikeri naye iko na mutoto anasoma université." Hakuwa na hasira. Aliondoa kiganja akaanza kukanda bukari.

Niliporudi Lubumbashi nilimweleza mwalimu anayeniongoza. Hakukubaliana na mzee, na hoja yake ilikuwa nzito. Data isiyoonekana, alisema, haiwezi kuhakikiwa, na isiyohakikiwa si data. Zaidi ya hapo akanikumbusha lile ambalo sisi wenyewe hulirudia katika kila semina: mzee akifa, neno linakwenda naye. Watoto wa nkambo wako Likasi na Kolwezi, wawili wakichimba madini kwa mikono. Hakuna hata mmoja anayekanda chambo. Tukiacha jina hili bila kuliandika kwa kumheshimu mzee, tunaweza kuwa tunalizika kwa heshima hiyohiyo. Wanafunzi wenzangu nao waligawanyika. Mmoja alisema niliandike bila vipimo vya mahali; nikamweleza kwamba jina lenyewe ndilo kipimo. Mwingine alisema nilibadilishe. Lakini jina la kubuni katikati ya majina 40 ya kweli lingeitia sumu orodha nzima. Wa tatu, ambaye nyumbani kwao ni Pweto, alisema tu kwamba baba yake asingenipeleka hata kwenye mkono wa kwanza.

Nimelifikiria jambo hili kwa miezi mitatu. Tulifundishwa kwamba adui wa neno ni usahaulifu, na kwamba dawa yake ni kalamu. André Yav alituonyesha nguvu ya kalamu hiyo mwaka 1965, alipoandika kwa Kiswahili cha hapa historia ya jiji kama wafanyakazi wenyewe walivyoiishi. Bila kijitabu kile tungekuwa maskini zaidi. Lakini maandishi ya Yav yalikuwa ya watu waliotaka kusikika. Jina la nkambo lina kazi nyingine. Limeundwa ili lijulikane na wachache, na uchache huo ndio unaowahifadhi samaki. Nikiliandika, nitakuwa nimehifadhi sauti zake na kuharibu kazi yake. Mpumbu ana jina katika vitabu vingi.

Hata hivyo hofu ya mwalimu haiondolewi na maneno mazuri. Kwa hiyo nilirudi Kapolowe kumuuliza nkambo swali ambalo halikuwa katika dodoso langu: nani atalijua baada yake? Alicheka. "Si njo weye?" Nikamwambia kwamba mimi naishi jijini, najifunza isimu, nitakwenda nitakakopata kazi. Akasema jina halina mguu, linabebwa. Tukapatana hivi. Nitalibeba kwa kichwa. Mjukuu wake mmoja, mvulana wa miaka 13 anayekaa kwa mama yake Likasi, atakuja likizo ya Julai, na tutamfikisha pale sote wawili. Atalisikia jina akiwa ameinama chini ya matete, na atajifunza kuangalia boya likilala. Tukifanikiwa, mwakani jina litakuwa na wasemaji watatu. Lugha nyingi zimeanza tena na watu wachache, na jina moja linahitaji wachache kuliko lugha.

Katika jedwali la kazi yangu mstari wa 23 upo. Safu ya aina ya mahali imejazwa: mkono wa mto, maji ya kudumu. Safu ya lugha imejazwa: Kisanga. Safu ya ngeli na ya upatanisho imejazwa, na chini yake nimeeleza muundo wa jina bila kutaja mashina yake. Safu ya jina, ya maana na ya vipimo ziko wazi, na tanbihi inasema kwamba msemaji alinitajia jina na kuomba lisiandikwe. Mwalimu alisoma ukurasa huo mara mbili. Alisema kwamba kwenye utetezi nitaulizwa, na kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayeniuliza wa kwanza. Nikamwambia niko tayari.

Tangu hapo nimebadilisha fomu ninayokwenda nayo shambani. Zamani swali la mwisho lilikuwa: kuna neno jingine ungependa kuongeza? Sasa kabla yake kuna lingine, nalo ninaliuliza kinasa sauti kikiwa kimezimwa: kati ya haya uliyonipa, lipi libaki hapa? Wengi wanasema yote yaende. Mama mmoja anayechoma samaki kando ya barabara alifikiri kwa muda, akataja jina la dawa moja ya mtoto, akaniomba nilifute. Nililifuta mbele yake, akaangalia kwa makini, kisha akanifungia makobo wawili wa kuchomwa kwenye jani la mgomba.